Pesa ya mtihani si ya kodi ya jengo

Nairobi, Jumanne jioni

Wanafunzi wa Septemba wameanza kuripoti. Katika vyuo vidogo vya katikati ya jiji, vile vilivyo juu ya maduka ya Tom Mboya na River Road, mkuu wa chuo atashinda kutwa akipokea wazazi. Wao wanaona cheo. Mimi nikimfikiria mkuu wa chuo, naona daftari la mhasibu.

Wengi hupanda ngazi ileile: mkufunzi hodari, mkuu wa idara, naibu wa masomo, halafu anakabidhiwa mhuri na funguo. Njiani kote huko ni nadra mtu kumketisha chini na taarifa ya benki. Na kwa maoni yangu, chuo kidogo huangushwa na kalenda ya pesa mapema kuliko ufundishaji mbovu.

Karo huingia kwa mafungu, Januari, Mei na Septemba. Mishahara haingoji mafungu. PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) na SHIF (mchango wa bima ya afya) lazima ziwe zimelipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mkufunzi wa shilingi 30,000 hukatwa 825 za SHIF (asilimia 2.75) na 450 za ushuru wa nyumba, chuo nacho huongeza 450 zake, na mchango wa uzeeni wa NSSF bado. Muhula ukikaribia kwisha, mwenye uwezo ameshalipa na waliobaki ni wa ahadi. Hapo ndipo pesa ya mtihani inapotupiwa jicho.

Pesa hiyo si mapato. Chuo huikusanya kwa ajili ya watahini, KNEC au CDACC, basi. Ikilala akaunti moja na karo, italipa kodi ya jengo, mkuu akijiambia kwamba ataijaza kabla usajili haujafungwa. Usajili hufungwa. Mwanafunzi ana risiti mkononi, jina halimo kwenye orodha ya watahiniwa, na hakuna barua ya kuomba radhi itakayomrudishia muhula wake.

Dawa yenyewe haina makuu. Fungua akaunti ya pili yenye saini mbili, moja ya mjumbe wa bodi asiye mwajiriwa wa chuo. Iwe na Paybill yake (nambari ya kulipia kwa simu), na mwanafunzi alipe kwa nambari yake ya usajili. Malipo yaliyotumwa kwa jina la shangazi huwapotezea watu siku nzima. Kila Ijumaa msajili na mhasibu walinganishe orodha mbili: waliolipa na waliosajiliwa. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, orodha kutoka kwenye mfumo ibandikwe ubaoni, kila mtu akague jina lake herufi kwa herufi na cheti chake cha sekondari, KCSE. Makosa ya majina ni mengi kuliko mtu anavyodhani, na ni rahisi kuyarekebisha mapema.

TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, nayo ina mtego wake: chuo kuwa na usajili hakumaanishi kila kozi imeidhinishwa. Usichapishe bango kabla ya idhini kufika.

Kuhusu kodi, heri kuzungumza na mwenye jengo wakati wa kutia saini mkataba, wala si ukiwa na deni. Akikubali kulipwa kila baada ya miezi minne, mwombe tarehe ziangukie Februari, Juni na Oktoba, karo ikiwa tayari imeingia.