Mlima ulioongezwa kimo

Juzi Neema alikuja na swali la usomaji wa ramani: kipande cha 1:50,000, kontua, ile mistari inayoonyesha kimo, zimebanana pembeni. "Mjomba, kwani walipanda milima yote hii kuipima?" Swali hilo lilinikumbusha Chunya, na mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kuliuliza.

Nilikuwa kazini Lupa, eneo la dhahabu la huko Chunya. Kampuni ilitaka kuyapata maduara, yaani mashimo ya zamani ya wachimbaji wa dhahabu, kuzunguka mgodi wa Saza, uliofungwa miaka ya 1950. Nilikuwa na ramani ya enzi za Mwingereza pamoja na picha za ndege za miaka hiyo. Mgodi mkubwa ulichorwa. Mashimo madogo, hakuna.

Tukaelekezwa kwa mzee aliyebeba mawe pale ujanani. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, nikatandaza picha mbili kwenye boneti. Ni eneo lilelile, ila kati ya picha na picha ndege ilikuwa imesogea. Nikasimamisha juu yake stereoskopu, ile miwani yenye miguu, nikamwomba ainame. Mwanzoni aliona madoa tu. Nikasogeza picha ya kulia kidogo, kidogo tena. Ghafla akashika boneti kwa mikono miwili.

"Umesimama!"

Akanyoosha kidole aguse kilele, kidole kikagonga karatasi. Akainua macho, akautazama mlima wenyewe mbele yetu, akarudi kwenye kioo.

"Lakini wameuongeza. Huu si mrefu hivi."

Kweli kabisa. Kifaa kile hukuza miinuko. Kimo halisi mchoraji hukipata kwa kupima tofauti za picha mbili, akianzia kwenye bikoni chache, alama za upimaji ambazo wapimaji walizifikia kwa miguu. Nikaanza kumweleza, akanikatiza:

"Ila ukiwa na karai la mawe kichwani, mwanangu, ni hivihivi."

Kisha akaulizia watu. Nikamwambia kutoka juu kule mtu haonekani, vinaonekana vijia. Akavifuata kimoja baada ya kingine, akitaja nani alichimba wapi, kalamu yangu ikiachwa nyuma.

Maduara tuliyapata, mengi palepale alipoonyesha. Kampuni ikamlipa kibarua cha siku moja, sawa na kijana aliyetufyekea njia. Niliona ni kidogo. Ila hata leo ukiniuliza angelipwa kiasi gani, sina hesabu.