Kiu Tuliyoisingizia Kaskazi

Leo asubuhi nimepimwa sukari kabla sijatia chochote mdomoni, na mashine ikaonyesha 6.4. Muuguzi hakunificha: kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0 mtu akiwa hajala, kwa hiyo sijafika huko, lakini nimo njiani. Nilirudi nyumbani Langoni, mtaa wetu wa Lamu, kwa miguu nikimfikiria mama.

Mwaka alioanza kuugua, dalili zilikuwamo humu humu nyumbani, na kila moja tulikuwa na la kuisingizia. Jagi la maji nililomwekea kando ya kitanda nililikuta tupu kila alfajiri, na nilipomuuliza alinijibu, "Ni joto la kaskazi hili, mwanangu," nami nikaridhika, kwa maana nani asiyeona kiu Lamu mwezi wa Januari? Kuamka mara nne au tano usiku kwenda msalani tulisema ni utu uzima. Dera lilipoanza kumpwaya mabegani, majirani walimpongeza kwa kupungua, ilhali hakuwa amepunguza hata hamri moja. Ukingoni mwa choo sisimizi walijipanga mstari mwembamba, nami nikawamwagia maji ya moto kila asubuhi bila kujiuliza wanafuata nini. Walifuata sukari: ikizidi katika damu, figo huitoa kwa mkojo, na katika kutoka kwake huvuta maji ya mwili, ndiyo maana mtu hukojoa sana na kiu yake haikatiki.

Kilichotupeleka hospitali ni kidonda. Alijikwaa kwenye ngazi ya mawe, akachubuka kidole cha mguu, mahali padogo kama punje ya mtama, na wiki tatu baadaye kilikuwa kingali kibichi, wala hakimuumi. Mimi niliona kutouma kwake ni heri, kumbe mishipa ya fahamu ya unyayo ilikuwa imekwisha kuharibika.

Yangu nayo yalikuwa wazi vivyo hivyo. Mama anao ugonjwa huu. Kutwa nakaa kwenye cherehani. Na mimba yangu ya mwisho nilipata sukari, ikaondoka nilipojifungua, nikadhani mambo yamekwisha, hali mwanamke aliyewahi kuipata hubaki katika hatari miaka mingi na hupaswa kupimwa mara kwa mara. Hata shingo ilinieleza. Kwa miezi mingi nimekuwa nikisugua kwa dodoki weusi ulionizunguka nyuma ya shingo, mzito kidogo kama mahameli, nikiudhani ni uchafu, na leo muuguzi ameugusa kwa kidole akasema huo mara nyingi huja mwili unapoanza kutoiitikia insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu.

Usiku huu nimewaandikia ndugu zangu wawili wakapimwe kabla ya kufungua kinywa. Kaka mkubwa amenijibu kwamba hana haja, hasikii kiu wala uchovu. Nimemjibu kwamba hata mimi sikuvisikia.