Kufunga spindeli mpya kwenye CNC: isimame wima kwanza

Spindeli ni mota inayozungusha kisu cha CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Zima umeme, subiri dakika kumi inveta (kifaa kinachoendesha mota hiyo) iishiwe chaji, ndipo uguse nyaya. Futa kola (pete inayobana spindeli) na mwili wa spindeli. Chembe moja ya vumbi la mbao za misindano ikibaki katikati, kazi yote inapinda. Bolti za kola zikaze kidogo kidogo kwa zamu. Ukizikaza kwa hasira, unaminya mwili na beringi zinachemka.

Sasa unyofu. Funga geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita) kwenye mkono ulioshikwa na spindeli, unaochora duara la kipenyo cha milimita 200, uuzungushe polepole juu ya kioo kinene kilicholazwa mezani. Kushoto na kulia ni rahisi: legeza bolti zinazoshika kola mashineni, gonga kwa nyundo ya plastiki. Mbele na nyuma ndiko kwenye kazi. Geji ikibanwa zaidi mbele, kichwa cha juu cha spindeli kimeinamia mbele, kwa hiyo shimu (kipande chembamba cha bati) inaingia nyuma ya kishikio, kwenye bolti za chini. Tofauti ya milimita 0.2 kwenye duara hilo, na bolti za juu na chini zikiachana milimita 80, inadai shimu ya milimita 0.08. Bati la kopo la soda hukaribia 0.1, linatosha kuanzia. Kaza, pima tena. Kukaza kwenyewe husogeza.

Spindeli ikizunguka kinyume, zima, subiri tena, badilishana nyaya mbili kati ya tatu za mota.

Ukiwa mahali pa juu, angalia inveta. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari: hewa nyepesi hupooza inveta vibaya, chukua yenye nguvu ya ziada. Na asubuhi za Julai, izungushe spindeli taratibu dakika kumi kabla ya kufika mizunguko 24,000 kwa dakika, grisi ilainike.