Fomu 31 zilizosainiwa, na kwa nini sikutumia hata moja

Nilikuwa na fomu 31 za ridhaa ya kushiriki utafiti, zote zimesainiwa au kupigwa dole gumba, nilizozikusanya kwa siku moja na nusu. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayekimbizana na ada, hiyo ni neema. Nilizifuta zote. Tangu hapo wenzangu kadhaa wameniomba niwatumie "ile fomu iliyopita kwenye kamati ya maadili", na kila mara najibu kwamba fomu si tatizo. Nimeona niandike mara moja, niwe naelekeza watu hapa.

Utafiti wangu ulikuwa wa saikolojia, juu ya hali ya moyo ya akina mama wanaolima mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga. Nilitumia dodoso la PHQ-9, lile la kupima sonona, lenye maswali tisa, kila swali alama 0 hadi 3, jumla yake 27. Linauliza mambo ya wiki mbili zilizopita: raha, usingizi, uchovu, hamu ya kula, mpaka swali la tisa, la mtu kuwaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Tafsiri yake ya Kiswahili ipo, nikaichukua ilivyo, kisha nikaongeza maswali yangu machache kuhusu kazi ya mwani. Vibali sivisimulii. Aliyefanya utafiti Tanzania anaijua njia: kamati ya maadili, barua ya chuo, mkoa, wilaya, kata, kijiji. Tembea na nakala za kutosha. Nakala na nauli peke yake zilinila kama laki tatu hivi.

Kilichoniponza ni ushauri. Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni, na ambaye kila mtu alimwona bingwa wa kukusanya data haraka, aliniambia: "Usiwaeleze sana, utawatisha. Mpe mwenyekiti barua, atakuitia watu, wewe wape kalamu tu." Nikamsikiliza. Bado naona uchungu nikikumbuka nilivyomsikiliza.

Mwenyekiti aliwakusanya chini ya mti wa mkungu. Akanitambulisha kwa heshima zote: "Huyu mgeni wetu katoka Dar es Salaam, ana barua ya serikali, tumpe ushirikiano." Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki ubavuni kwangu. Nikasoma fomu kwa sauti, kurasa tatu, pamoja na ile sentensi kwamba kushiriki ni hiari. Nikauliza kama kuna swali. Kimya. Wakaanza kuja mmoja mmoja, wakainama, wakaweka dole. Kidau changu cha wino kikakauka katikati ya foleni, tukaazima kidau cha muhuri wa kijiji. Siku ile niliona ni msaada tu. Leo nikiikumbuka picha ile, dole gumba la mama likichovya kwenye wino uleule unaogonga barua za ofisi, naona ningepaswa kusimama palepale.

Kesho yake, baada ya mahojiano, mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na dada yangu umwandike? Maana mara ile tulirukwa."

"Mlirukwa wapi, mama?"

"Kwenye kaya maskini." Yaani ile orodha ya kaya zinazopewa msaada na serikali.

Nikamwuliza aliyefuata, kabla hata ya kufungua dodoso, karatasi aliyoiwekea dole jana ilikuwa ya nini. Akasema mwenyekiti ndiye ajuaye. Wa tatu akasema mikopo. Nikafunga begi.

Nimefundishwa, na nimewasaidia wadogo zangu wa mwaka wa kwanza kusoma, jaribio la Stanley Milgram pale Yale mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanaume 40 waliambiwa na bwana mmoja aliyevaa koti la maabara waendelee kumpiga mtu shoti za umeme kila alipokosea jibu. Shoti zilikuwa za uongo, wao hawakujua, na 26 kati yao walifika mwisho, volti 450. Hakuna aliyeshikiwa silaha. Kulikuwa na koti, na sauti tulivu ikisema utafiti unataka uendelee. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri. Na pale chini ya mkungu nilikuwa na barua yenye mihuri minne, na mwenyekiti kwenye kiti.

Niliiandikia kamati ya maadili, nikaeleza yote bila kuficha, nikaomba kubadili utaratibu. Walichukua zaidi ya mwezi. Msimamizi wangu hakufurahi, muda ulikuwa unakwenda, lakini alitia saini. Ukikosea, andika. Wapo wanaodhani kamati itakufungia. Mimi walinijibu kwa maswali mawili na kibali.

Safari ya pili nilimwomba mwenyekiti anitambulishe mara moja tu, kisha asije kwenye nyumba za watu. Alielewa upesi, wala hakuona nimemvunjia heshima. Kurasa tatu nilizigeuza kuwa maneno ya mdomo: mimi nani, nataka kuuliza nini, itachukua muda gani, kuna nini kwa ajili yako na hakuna nini, na nani atajua majibu yako. "Orodha hii si ya kaya maskini wala ya mkopo" nilikuwa naitamka mwanzo kabisa, kabla ya jina langu. Kisha namwambia: "Mama, jirani akikuuliza yule dada alikuwa anataka nini, utamjibu vipi?" Akinieleza sawasawa tunaendelea. Akisema nimekuja na msaada, narudi mwanzo. Kwa asiyejua kusoma, shahidi alimchagua mwenyewe, si mjumbe.

Lakini jambo ninalojivunia kuliko yote ni swali la mwisho: "Na ukitaka kunikatalia, utanikatalia vipi?"

Wa kwanza kuulizwa alicheka mpaka akashika mlango. "Sasa mgeni namkatalia vipi? Nitakwambia njoo kesho." Nikakaa kwenye kibaraza chake nikimwuliza zaidi, naye akanifundisha kama anafundisha mtoto. Mtu mwenye adabu hamwambii mgeni hapana. Atasema kesho. Atasema inshallah, tutaona. Atasema nina chungu jikoni, na jiko limezimwa. Mimi nilikuwa nimekuja na kisanduku cha "nimekataa" kwenye fomu nikingoja mtu akitie alama, na kumbe watu wangenikatalia mchana kutwa nisiwasikie. Nikaandika kanuni: anayesema kesho mara mbili amekataa, simrudii, na hakuna anayemwuliza sababu. Kamati iliipitisha. Msaidizi wangu, binti niliyemchukua kata nyingine ili asiwe shangazi wala wifi wa mtu pale, alilalamika kwamba tutapungukiwa watu. Tulipungukiwa kweli, tukaongeza siku za kukaa.

Kuhusu posho, yule kaka alinishauri nitoe elfu ishirini kila mtu. Mtu aliyekuwa anauza mwani mkavu kwa mamia ya shilingi kilo moja asingeweza kuikataa elfu ishirini, na asichoweza kukikataa hakijawa hiari. Nilitoa mche wa sabuni na sukari, na nilivitoa hata kwa aliyeacha katikati.

Sasa kipimo chenyewe. Swali mojawapo kati ya yale niliyoyaongeza, nililolitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, lilisema "kujisikia uko chini", yaani kuwa na huzuni. Nilifuata mtindo wa vitabu: mmoja anatafsiri, mwingine asiyeona asilia anarudisha kwenye Kiingereza, unalinganisha. Likarudi lilivyokwenda, neno kwa neno, nikafurahi. Kijijini bibi mmoja akaniuliza, "Chini wapi? Kwenye mkeka?" Tafsiri mbovu ya neno kwa neno hurudi salama, ndiyo hatari yake, na kitabu hakikuniambia. Niliketi na akina mama sita wakisuka kamba za mwani, nikawauliza mtu wa namna hiyo wanamsema vipi. Roho nzito, wakasema. Moyo mzito. "Ana mawazo" wakaikataa, kwa sababu hata mwenye ada ya mtoto kulipa ana mawazo. Swali likawa la moyo kuwa mzito, na hakuna tena aliyeniuliza wapi.

Wiki mbili nazo zilinisumbua. Mtu anajibu ya mwezi mzima, au ya jana. Sikutaka kugusa maneno ya PHQ-9 yenyewe, ningeharibu kipimo. Yule bibi wa mkeka ndiye aliyenitoa: "Unasema tangu maji mafu yaliyopita?" Mkulima wa mwani hushuka shambani wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali, na maji mafu yakiingia, yale yasiyokupwa mbali, anabaki nyumbani. Mahojiano yangu yote yalikuwa siku za maji mafu. Kutoka maji mafu mpaka maji mafu ni siku 14 au 15. Dunia nzima ingenitafutia kalenda nisipate nzuri kama hiyo. Nikapanga kete 14 kwenye mkeka, bamvu likiwa katikati, na kwa kila swali mama anasogeza pembeni siku zilizomkuta. "Siku kadhaa" na "zaidi ya nusu ya siku hizo" yakaacha kuwa maneno ya kubahatisha, yakawa kete unazoziona. Mikono ile yenye mipasuko ya kamba na chumvi ilikuwa inasogeza kete taratibu, na mara nyingine inarudisha moja: "Hapana, hiyo siku mjukuu alikuja, nilicheka."

Swali la tisa watu wengi walinishauri nilifute, eti utampa mtu wazo. Si kweli, tafiti zimeonyesha kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kisichofaa ni kuuliza kisha kuondoka. Kabla ya mahojiano ya kwanza nilishapatana na muuguzi wa zahanati na kujua nani wa kumpokea mtu hospitali ya wilaya, na kwenye ridhaa nilisema wazi kwamba siri yako haitoki, ila maisha yako yakiwa hatarini sitanyamaza. Mama mmoja alisogeza kete nne. Nikaweka kalamu chini, dodoso likaishia hapo. Nikamwuliza moja kwa moja, akanijibu, tukakaa mpaka alasiri ikapita, tukaenda zahanati wawili, kwa miguu, kwa sababu alitaka tutembee. Alipokelewa. Mengine ni yake.

Siku ya kuondoka nilikuwa nangoja bodaboda, mama mmoja akapita na kapu la mwani kichwani. Tulisalimiana. Akasimama.

"Mbona kwangu hukurudi?"

"Uliniambia kesho mara mbili, mama."

Akanitazama, akalishika kapu vizuri. "Kumbe ulisikia," akasema, akaendelea na njia yake.