Kangaruu wa Canberra hawalipishi kiingilio

Jamani huku Canberra, mji mkuu wa Australia, kangaruu huendi kumtafuta zuu, jioni nikipita njia ya kupandia Mlima Ainslie nawakuta kundi zima wanakula nyasi, wanakuangalia kidogo masikio yanazungukazunguka halafu wanaendelea na yao. Juzi kuna jike alikuwa pembeni kabisa ya njia, mguu mrefu wa mtoto umechomoza nje ya mfuko, kichwa hakionekani, nikawa nashangaa tu huyu kajikunja vipi humo ndani.

Na huyo mtoto sasa, mimba yenyewe haifiki hata miezi 2, anazaliwa hana gramu 1, haoni, hana manyoya, lakini anapanda mwenyewe kwa mikono mpaka mfukoni anang'ang'ania chuchu, hapo ndo anakulia miezi na miezi. Tena mama anaweza kunyonyesha wawili kwa wakati mmoja, mchanga wa mfukoni na yule mkubwa aliyeshatoka anayekuja kuingiza kichwa tu, kila mtu na chuchu yake na maziwa ya aina yake!! Mwili unajuaje sijui, mi nimenyoosha mikono.

Kuruka kila mtu anakujua, ila akiwa anakula anatembea taratibu anaegemea mkia kama mguu wa 5. Joto likizidi anajilamba mikono ipoe.

Wenye magari tu, alfajiri na magharibi punguzeni mwendo, akivuka mmoja jua wenzake wako nyuma.