Misumari

Jana jioni binti yangu alirusha sarafu juu, akaidaka, akaifunika kwa kiganja. Alikuwa anaamua na mdogo wake nani aoge kwanza. Aliposhindwa mara ya tatu mfululizo akanifuata, sarafu mkononi, anaigeuzageuza kama anayemkagua mwizi.

"Mama, hivi ipo sarafu yenye kichwa pande zote mbili?"

Nikamwambia ipo, nimeiona kwa macho yangu. Halafu nikakaa chini, kwa sababu kaka alikuwa ameshanijia kichwani, yeye na ile deki yetu ya zamani ya kanda za video na zile wiki za mwaka 2020.

Kaka alikuja kwangu kwa siku mbili tu. Begi dogo, shati moja la kubadilisha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la korona tarehe 11 Machi, na kabla hajapata siku ya kurudi, safari zikasimama. Alikaa wiki tisa. Shati lile lilifuliwa mpaka kola ikapauka.

Wiki ya kwanza tulitazama habari. Asubuhi habari, mchana habari, usiku tunalala na hesabu za wagonjwa kichwani. Siku moja kaka aliinuka, akazima, akasema, "Dada, hapana. Tutafute picha." Picha, kama tulivyosema utotoni, kabla hatujaanza kusema filamu.

Basi tukaanza kuzitafuta mtandaoni zile za zamani, moja moja. Tulitazama Enter the Dragon, na kaka akanieleza jambo ambalo utotoni hatukulijua: Bruce Lee alifariki Julai 1973, ana miaka 32, picha yenyewe ikatoka mwezi uliofuata. Yule tuliyekuwa tunamshangilia mpaka majirani wanagonga ukuta hakuwahi kuiona ikionyeshwa kwa watu. Tulipofika kwenye chumba cha vioo, kaka ambaye zamani alikuwa anaruka kutoka kitandani akipiga kelele, alikaa kimya mikono mapajani.

Tulitazama Modern Times ya Chaplin, ya mwaka 1936. Ile mashine ya kumlisha mfanyakazi ilimchekesha binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, mpaka akapaliwa. Tulitazama Mother India, ya 1957. Utotoni nilimlilia Birju, yule kijana mkorofi. Safari hii nilimlilia mama yake anayemwelekezea bunduki, na nilijua kwa nini, kwa sababu wangu wawili walikuwa wamelala chumba cha pili.

Sholay, ile picha ya Kihindi tuliyokua nayo, hatukuigusa. Kila tulipoiona kwenye orodha, kidole cha kaka kilipita. Nami nilikaa kimya. Tulikuwa tunajua wote wawili.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kanda mbili za Sholay, kwa sababu moja haikutosha picha ya zaidi ya saa tatu. Kanda ya pili ilikuwa imechakaa. Kila ikifika mahali fulani mistari myeupe inapanda kwenye kioo, baba anaitoa, anafungua deki, anasafisha kile kichwa chake cha kusomea kanda kwa pamba na spiriti. Mpaka leo nikisikia harufu ya spiriti naona farasi wanakimbia kwenye mawe.

Tuliijua picha ile kuliko masomo yetu. Majambazi wawili wa kukodiwa, Jai na Veeru. Thakur, mzee aliyekuwa afisa wa polisi, anayejifunga shuka mabegani, na unakaa muda mrefu kabla hujaelewa kwa nini hainui mkono hata siku moja: Gabbar, yule mkuu wa majambazi wanayemwinda, alimkata mikono yote miwili. Na ile sarafu. Kila penye uamuzi mgumu Jai anairusha, na kila mara anashinda. Ni mpaka amekufa ndipo Veeru anaokota sarafu na kuona pande zote ziko sawa. Siku zote rafiki yake alikuwa ameshaamua, na siku ya mwisho aliamua kubaki yeye darajani ili mwenzake aondoke. Sisi tulilelewa na kanuni moja, kwamba steringi hafi. Jai alikufa mbele ya macho yetu na hatukuwa na mtu wa kumshtaki.

Kwenye kanda yetu, mwishoni, Thakur anamwangusha Gabbar kwa miguu, anamkanyaga, yuko karibu kummaliza, na polisi wanafika. Wanamkumbusha kuhusu sheria. Gabbar anafungwa pingu. Imeisha.

Nilikuwa na miaka tisa, kaka kumi na miwili, alipokwenda likizo kwa shangazi. Aliporudi, watoto wote walimzunguka nje kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasimulia kama yeye. Alikuwa anaweza kukufanyia treni, farasi na risasi kwa mdomo mmoja. Akasema ameiona Sholay kwenye kanda ya watu wengine, na ile yetu haijakamilika.

"Kuna mahali yule mtumishi mzee, Ramlal, anapigilia misumari kwenye viatu vya Thakur," alisema. "Kwenye soli. Maana Thakur hana mikono, silaha yake ni miguu. Halafu mwisho polisi hawaji. Thakur anamuua Gabbar."

Nikasema, "Muongo."

Sijui kwa nini nilisema kwa sauti kubwa vile. Pengine kwa kuwa kanda ilikuwa yetu, na mimi ndiye niliyekuwa naijua kwa moyo. Nikakimbia ndani, nikaweka kanda ya pili, nikapeleka mbele mpaka mwisho. Watoto wakajazana mlangoni. Polisi wakaja, kama nilivyosema. Pingu zikafungwa. Na mtoto mmoja, simkumbuki nani, akaita, "Misumari!"

Jina likamganda. Misumari shuleni, Misumari mpirani. Siku ya harusi yake, mtu mzima kabisa alisimama nyuma ya ukumbi akaliita, na watu wa rika letu wakacheka. Kaka naye alicheka. Alikuwa anacheka kila mara. Ila baada ya siku ile ya kanda hakusimulia tena hadithi. Ilipita miaka mingi kabla sijaunganisha mambo hayo mawili, na nilipoyaunganisha sikumwambia.

Basi, wiki ya sita ya kufungiwa. Watoto wamelala. Nje kimya, kile kimya cha siku zile ambacho hata mbwa walikiheshimu. Kaka ameshika rimoti, anapita orodha, kidole kikasimama. Hakuniuliza. Akabonyeza.

Picha ilikuwa safi mno. Nilikuwa nimezoea Sholay yenye mistari, yenye rangi iliyovujia upande, na sasa naona vumbi likiinuka chini ya kwato punje kwa punje. Chini ya kioo paliandikwa urefu wake: saa 3 na dakika 24. Sikuijali ile hesabu. Ningeijali, ningejiandaa.

Treni ikapita, tukatabasamu. Wimbo wa pikipiki, kaka akapiga dole kwenye mkono wa kiti. Ikafika ile jioni Jai amekaa nje anapuliza kinanda cha mdomo, na juu kule kwenye roshani Radha, mjane aliyevaa nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemeshani. Yeye anapuliza, mwenzake anazima. Kaka akanong'ona kwamba wale wawili, Amitabh Bachchan na Jaya Bhaduri, walikuwa tayari ni mke na mume wakati wanaigiza hapo, wameoana Juni 1973. Nikatazama upya. Utotoni sehemu ile tulikuwa tunaenda kunywa maji.

Tukaendelea. Usiku ukawa mkubwa. Nilikuwa nimejikunja kwenye kochi, nusu nasinzia, ndipo nikaona kitu nisichokijua.

Naomba mnielewe. Picha ile niliijua kama ninavyojua ngazi za nyumba ya wazazi wangu, gizani, bila kushika ukuta. Na ghafla mguu wangu ukakanyaga ngazi ambayo haikuwahi kuwepo. Ramlal, mzee wa watu, na viatu vya bwana wake. Na misumari. Anaipigilia kwenye soli, mmoja, na mwingine.

Usingizi ulinitoka wote. Sikugeuka. Niliona kwa pembe ya jicho mguu wa kaka, ule uliokuwa unachezacheza tangu mwanzo, umesimama. Glasi ya maji ilikuwa mkononi mwake, imefika nusu ya njia kwenda mdomoni, na ikabaki palepale. Nilisikia jokofu linanguruma. Nilisikia mtoto akijigeuza kitandani. Nikatamani picha iende haraka itoke hapo, na nikatamani isitoke kamwe, kwa sababu ikitoka itabidi mmoja wetu aseme neno.

Kaka akaweka glasi chini taratibu. Akabonyeza, akairudisha nyuma. Misumari tena. Akairudisha. Misumari.

Mara ya tatu akaiacha iendelee, akasema, macho bado kwenye kioo, "Unajua, mimi mwenyewe nilishaanza kuamini kwamba niliota."

Miaka thelathini. Nilikuwa nimejiandaa moyoni kwa hasira yake, hata kwa kicheko chake. Kwa hilo sikujiandaa. Kumbe tulipomcheka hatukumnyang'anya hadithi tu, tulimfanya asiyaamini macho yake mwenyewe.

Nilifungua mdomo. Neno "samahani" lilikuwa pale, ninavyowaambia ni kweli, lilikuwa limefika kwenye meno. Akainua mkono kidogo, kama mtu anayesema subiri, mwisho unakuja.

Mwisho ukaja. Polisi hawakuja. Thakur alimuua Gabbar, kama kaka alivyosimulia akiwa na miaka kumi na miwili. Lakini kuna kitu ambacho hakukisimulia, labda kwa sababu mtoto hakioni: baada ya kuua, Thakur anaanguka analia. Kisasi kimekamilika na mzee hana hata mkono wa kujifutia machozi. Veeru ndiye anayemshika.

Usiku uleule tulisoma kwa simu, vichwa vyetu vimekaribiana kama zamani. Picha ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, miezi miwili haijatimia tangu serikali ya Indira Gandhi itangaze hali ya hatari. Wakaguzi walikataa mwisho ule: ukatili umezidi, na afisa wa zamani wa polisi hawezi kujichukulia sheria mkononi. Mwongozaji, Ramesh Sippy, akalazimika kupiga mwisho mwingine. Huo wa polisi, huo wetu. Ule wa kwanza haukupotea, ukawa unazunguka kwenye baadhi ya kanda. Mojawapo ilifika kwa watu wa karibu na shangazi, na mtoto mmoja akaiona, akarudi nyumbani amejawa na hadithi.

Kwa hiyo sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Nimejaribu kujifariji na hilo na halinitoshi. Mimi sikusema "nilichoona mimi ni tofauti." Nilisema "muongo", na nikaleta ushahidi.

Nilimwambia kaka nitawapigia wote, wale waliokuwa mlangoni siku ile, niwaeleze. Ninazo namba za wengi wao. Akatikisa kichwa. "Acha, dada. Jina nimeshalizoea." Akasimama, akanyoosha mgongo, akaenda kulala. Samahani yangu ilibaki kwenye meno, na asubuhi ilikuwa imeshapoa, na wiki tatu baadaye njia zikafunguliwa akaondoka na shati lake lenye kola iliyopauka. Nimekutana naye mara nyingi tangu hapo. Huwa najiambia bado kuna nafasi. Huwa najiuliza pia kama anaihitaji, au ni mimi ninayeihitaji.

Sasa jana binti yangu bado amesimama mbele yangu na sarafu. "Uliiona wapi?"

Nilianza kumweleza. Nikafika kwenye treni, nikajisikia sauti yangu kavu, treni yangu haisogei hata hatua. Nikampa simu. "Mpigie mjomba. Mwambie akusimulie habari ya sarafu ya Jai."

Aliondoka na simu, akajilaza sakafuni chumbani, akaweka sauti ya nje. Nilibaki kwenye korido. Mwanzoni kaka alikuwa anajibu kifupi kifupi, anauliza habari za shule. Kisha kimya. Halafu nikaisikia, mbali, ndani ya kile kisimu, kwa mara ya kwanza tangu nina miaka tisa: treni. Inaanza pole, inashika kasi, inapuliza. Mdogo wake akatoka bafuni na taulo, maji yanamchuruzika, akaja kulala karibu na dada yake.

Nilisikiliza yote nimeegemea ukuta. Farasi, risasi, kinanda cha mdomo, daraja. Sarafu ilipookotwa binti yangu aliigeuza ya kwake mkononi, akaitazama upande huu na upande huu. Na kaka alipofika mahali pa Thakur na Gabbar, alinyamaza. Nikajua anavuta pumzi, alikuwa anafanya vile zamani.

"Hapa sasa," akasema, "kuna miisho miwili, na yote ni ya kweli. Unataka nianze na upi?"