Kinu cha Iliki

Hesabu ya vidonge ilikuwa sawasawa, na hiyo ndiyo iliyotupoteza. Mtoto wa miaka tisa, kilo 25, alikuwa ameandikiwa dawa ya kifafa, sodiamu valproeti ya miligramu 500, ile inayotoa dawa polepole, kidonge kimoja kila usiku baada ya kula. Tulimpa vidonge 30. Siku ya 28 bibi yake akarudi kliniki na viwili vilivyobaki. Hakuna usiku hata mmoja uliorukwa. Na bado mtoto alikuwa ameanguka mara sita mwezi ule, ilhali mwezi wa kwanza wa dawa hiyohiyo alianguka mara moja tu.

Ilikuwa masika ya 2017, katika kliniki moja ya kifafa upande wa Tanga. Mimi nilikuwa dirisha la dawa. Bibi alitoka Pangani kwa basi la alfajiri, mjukuu kamlalia pajani.

Daktari alikwisha kushika kalamu kupandisha dozi hadi miligramu 750, yaani kidonge kimoja na nusu. Hakuwa na kosa. Kwa kilo 25, miligramu 500 ni 20 kwa kila kilo, na nafasi ya kupanda ilikuwepo. Kilichomzuia ni jambo lingine: mtoto alikuwa akitapika, mikono inatetemeka, na baada ya dawa analala fofofo. Kwa anayetumia valproeti, kutapika kusikoisha, usingizi usio wa kawaida na kuanguka kulikozidi ni dalili za kutiliwa shaka, kwa sababu dawa hii mara chache huumiza ini, na kwa nadra kongosho. Akaagiza damu ipimwe ini na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Dozi ikasimama palepale hadi majibu yatoke. Kipimo cha kiasi cha dawa ndani ya damu hatukuwa nacho.

Majibu yalikuwa salama. Kwa hiyo ini halihusiki, na vidonge havikurukwa. Sasa nini?

Jibu lilikuwa katika daftari la shule ambalo mjomba wa mtoto aliandika kila tukio: tarehe, saa, dakika ngapi. Tuliambiana mara nyingi tu kwamba daftari ni muhimu, lakini wengi wetu tulikuwa tunahesabu mistari na kugeuza ukurasa. Safari hii nilisoma saa. Saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili na robo. Saa moja kasoro. Matukio yote sita yaliangukia kati ya saa kumi na nusu jioni na saa moja usiku. Asubuhi hakuna, usiku wa manane hakuna. Dawa alikunywa saa mbili usiku. Kutapika kuliandikwa kwa kalamu nyekundu, na kote ni saa tatu au saa nne usiku.

Mtoto anayeanguka saa mbili tatu kabla ya dozi inayofuata, kisha anayumba na kutapika saa moja mbili baada ya kuipata, anakuonyesha mlima na bonde. Dawa inapanda yote kwa mpigo, halafu inakwisha kabla siku haijaisha. Kidonge cha kutoa polepole kimetengenezwa ili kuzuia hilo hasa. Basi kuna mtu alikuwa amekiharibu njiani.

Nikamwendea bibi pale kwenye benchi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Wanasemaje?”

“Ini zima, alhamdulillahi. Bibi, hebu nionyeshe namna unavyompa dawa. Usiniambie, nionyeshe.”

Kabla ya hapo kila mtu alimuuliza, “Anakunywa dawa?” naye akajibu kweli: anakunywa. Sasa alifungua kikapu, akaweka mezani kijiko, chupa ya asali, na kinu kidogo cha shaba, kile cha kutwangia iliki, na mchi wake. Ndani ya kinu kulikuwa na unga mweupe umeganda kwenye kingo.

“Nakitwanga laini kabisa,” akasema. “Natia asali, kwa maana ni kichungu. Halafu anakilamba.”

Nikamuuliza kwa nini asimwachie akimeze. Akaniinamia ili mtoto asisikie. Wao wana choo cha kumwagia maji, na mtoto huyo si mwingi wa kumwaga. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza bibi aliingia baada yake, akakiona kidonge kimelala pale, kizima, umbo lake lilelile. Siku ya pili tena. “Nikasema, pesa yangu yote inakwenda chooni. Kimeingia kizima, kimetoka kizima, kimefanya nini huko ndani? Nikakitwanga.”

Sijapata kusikia sababu nzuri kuliko hiyo kutoka kwa mtu aliyekosea. Alichokiona ni cha kweli. Sisi ndio hatukumwambia kitakuja.

Kidonge cha aina hii si unga uliobanwa tu. Dawa imechanganywa na vitu viwili vya jamii ya nyuzi za mimea: kimoja kikikutana na maji huvimba na kuwa ute, kingine hakiyeyuki, kinabaki kushikilia umbo. Maji ya tumboni huingia polepole, ute hujijenga nje, na dawa hupenya humo kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ikiisha kutoka, kile kiunzi hakina pa kwenda ila chini. Kinatoka cheupe, laini, ukikibonyeza kwa kijiti kinabonyea kama mkate ulioloweka. Hilo ni ganda, dawa imeshabaki mwilini.

Ukikitwanga, umevunja kiunzi. Miligramu 500 zilizopaswa kugawanywa mchana na usiku zinaingia damuni ndani ya saa chache. Hapo ndipo tumbo linapochafuka, mikono ikatetemeka na usingizi ukawa mzito. Halafu mwili unaiondoa. Kwa mtu mzima kiasi cha valproeti hupungua nusu kila baada ya saa 9 hadi 16, na watoto wa chini ya miaka kumi huiondoa haraka zaidi. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na moja jioni ni saa 21. Nusu ya nusu, na zaidi ya hapo. Kama dozi ingepandishwa hadi 750, mlima ungekuwa mrefu zaidi, na bonde lisingeinuka kwa kiasi kilekile.

Maneno hayakumtosha bibi, na hakupaswa kutosheka nayo. Nilikuwa na kidonge kilichochanika foili kwenye boksi, cha kutupwa. Nikachukua glasi mbili za maji. Moja nikatia parasetamoli ya kawaida, nyingine kile cha valproeti. Parasetamoli ikapasuka na kuwa tope ndani ya dakika chache. Kile kingine kikakaa. Tukaendelea kuhudumia watu. Saa sita mchana bibi mwenyewe akakichokoa kwa kijiko: kimevimba, kimevaa ute unaoteleza kama wa bamia, katikati bado kigumu. Akakitazama muda mrefu, akasema, “Kumbe kinajivua.” Neno hilo nimelitumia dirishani miaka yote tangu siku ile.

Nikamwongezea jambo moja, kwa sababu jicho lake lilikuwa kali na lingetufaa: mtoto akiharisha na kidonge kikatoka haraka, bado kigumu, hapo dawa inaweza kuwa imetoka nayo. Hilo si ganda, aje atuambie. Asiongeze kidonge kwa kukisia.

Ikabaki shida ya kumeza, maana bibi alikiri kwamba hata mwezi wa kwanza mtoto alikuwa akilia. Kidonge ni kirefu. Tungeweza kumrudisha kwenye dawa ya maji: miligramu 200 katika mililita 5, kwa hiyo 500 ni mililita 12.5 kwa siku. Lakini ya maji haina kiunzi, lazima igawanywe angalau mara mbili, asubuhi na usiku, na chupa ya mililita 100 ingekwisha siku ya nane. Na Pangani dawa hiyo ilikuwa ya kubahatisha. Kidonge chetu kilikuwa na mfuo katikati, na karatasi ya mtengenezaji iliruhusu kukivunja kwenye mfuo huo, ila si kukisaga wala kukitafuna. Si vyote vya kutoa polepole vinaruhusu. Vingine dawa yake imezuiliwa na ngozi ya nje, ukivunja umeharibu. Karatasi ya ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho, si mfuo peke yake. Basi nusu mbili, moja baada ya nyingine, zote usiku uleule.

Tulifanya mazoezi nje, chini ya mwembe, kwa punje za wali uliopoa alizobaki nazo bibi kwenye kontena. Kwanza punje moja, kisha bonge dogo la punje tatu. Chupa laini ya plastiki ya nusu lita imejazwa maji. Mtoto anaweka bonge juu ya ulimi, anafunga midomo kuzunguka mdomo wa chupa bila kuacha hewa, ananyonya na kumeza kwa pamoja huku chupa ikibonyea. Kosa la kwanza la watoto ni kurudisha kichwa nyuma kama kuku anayekunywa, koo linabanwa. Kosa la pili ni kunywa maji kwanza na kuacha kidonge kikielea. Mara ya tano alimeza bonge akauliza kama limekwenda. Nusu kidonge ilipita jioni ileile nyumbani kwa ndugu zao Ngamiani, palepale mjini Tanga, baada ya ugali.

Kulikuwa na uharibifu wa pili ambao nusura tuupite. Vile viwili alivyorudi navyo vilikuwa vimelowa, vinanata vidoleni. Bibi alivitoa vyote kwenye foili siku ya kwanza na kuvitia katika kopo la kahawa ili visipotee. Valproeti hunyonya unyevu hewani kuliko dawa nyingi, na masika ya pwani nani asiyeyajua. Kikopo cha siku saba chenye vyumba, ambacho huwafaa wagonjwa wengi, kwa dawa hii hakifai kama umekitia vidonge vitupu. Tulimfundisha kukata foili kwa mkasi, kila kidonge kikiwa ndani ya kipande chake, na kukifungua mkono ukiwa tayari na chupa ya maji. Nusu ya pili inamezwa papo hapo, haihifadhiwi.

Mengine tuliyapitia upesi, yeye akiyarudia kwa kidole. Akisahau saa mbili akakumbuka saa nne usiku, ampe. Akikumbuka jioni ya kesho, ampe cha kesho tu, asimpe viwili. Aspirini asimpe, homa itulizwe kwa parasetamoli. Dawa isikatwe ghafla hata mtoto akikaa miezi bila kuanguka. Boksi likibadilika rangi au jina dukani, asianze kabla ya kutuonyesha, kwa kuwa valproeti ipo pia ya kawaida ya miligramu zilezile, na muuzaji anayesoma “500” peke yake atampa hiyo. Akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, gari itafutwe. Mjukuu wa kike naye alikuwa na degedege utotoni, akauliza bibi, je, naye atumie? Nikamwambia hapana, kila mtu na daktari wake, na dawa hii kwa msichana huepukwa kila inapowezekana kwa sababu akija kushika mimba inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kwenye bahasha ya dawa ya mwezi uliopita kulikuwa na maandishi mawili tu, kwa mwandiko wangu: “1x1” na “usiku”. Safari hii niliandika upande wa pili kwa herufi kubwa: USISAGE. USITAFUNE. GANDA LIKITOKA NI SAWA. Nafasi ilitosha. Ilitosha na mwezi ule pia.

Daktari aliacha dozi ilivyokuwa, 500. Bibi akakiosha kinu bombani mara tatu, akakinusa, akakirudisha kikapuni, akisema iliki ya Idi haiwezi kunuka dawa.

Siku ya 28 ya mwezi uliofuata alirudi na vipande viwili vya foili vimekatwa vizuri, na daftari. Mstari mmoja tu, wa siku ya nne. Hakutapika. Nikauliza kama ameona chochote chooni.

“Kimetoka tena,” akasema. “Nimemwagia maji, nimekiacha kiende zake.”